Kutolewa Eda Kando ya Ziwa

Mtaa wetu uko kando ya ziwa la kuchimbwa, mwendo wa basi kutoka Woolwich, London. Waliolichimba walilizungushia majumba ya zege, wakatia bata maji na bata bukini, na miaka mingi baadaye tukaja sisi. Kila Desemba, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, hufanyika soko la majira ya baridi pale ukingoni. Kuna sweta za kufuma, mishumaa, sabuni za mikono, na picha za ziwa zilizochorwa na wastaafu. Wastaafu hao hulichora ziwa la buluu, na mimi katika miaka yangu yote sijapata kuliona na rangi hiyo. Kwaya ya shule huimba, watu wazima hunywa mvinyo wa moto, na giza likianza kuingia, yaani mapema kabisa, watoto hulizunguka ziwa na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe. Mimi huwa na meza ya hina.

Mwaka huo nilienda na meza yangu nikiwa mjane. Mume wangu alikuwa fundi wa mabasi, akafia kazini mwezi wa Julai, moyo. Wanaume walimzika, wanawake walijaa nyumbani. Nilisema innalillahi kama wenzangu, nikapokea pole, nikaletewa biriani, nikaonja nikaona imepungua chumvi. Nalitaja hilo la chumvi kwa sababu ndilo jambo pekee nililolihisi wiki ile. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila ilikuwa ya mwili mzima na haikuniuma.

Kwa wasioijua desturi yetu, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hapaki hina, hatoki bila haja. Mimi ni mpishi wa shule, na shehe alinambia kwenye simu niende kazini kwa kuwa sina wa kunilisha, lakini usiku unikute kwangu. Basi nikawa nakaa eda ndani ya basi, nimevaa buibui na kitambulisho cha kazi shingoni, nakwenda kuwamenyea watoto wa watu karoti. Jioni nilifunga mlango nikakaa. Nilikuwa na mashaka kama eda ya namna hiyo inahesabika, ila nilijiambia kwamba mwisho wake utakuwa wa kweli.

Kwetu pwani mwanamke hajitoi eda mwenyewe. Kisheria siku zikitimia zimetimia, hilo nalijua. Lakini kwa desturi wanawake humjia. Humwosha, humkata kucha, humvua zile nguo alizokalia eda zikatolewa sadaka, wakamvisha mpya, wakamfukiza udi, wakampaka mafuta na kumwambia toka mama, dunia ipo. Bila hivyo utatoka vipi? Nilimwona mama yangu akitolewa Mombasa nilipokuwa msichana. Aliingia bafuni kizee, akatoka anauliza nani kampaka huyu wanja vibaya hivi. Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Niliamini kwamba siku nikitolewa, na ganzi itatoka.

Siku yenyewe iliangukia Jumapili. Nilifagia, nikapiga pasi mapazia, nikakaanga mahamri ya kutosha nyumba nzima. Nikakaa sebuleni na simu juu ya mto. Binti yangu, anayeishi Hounslow na kufanya kazi katika duka la uwanja wa ndege, alinitumia ujumbe wenye picha ya moyo. Alikuwa na zamu. Saa za adhuhuri zikapita, za alasiri zikapita. Alibisha kijana wa kuleta vifurushi, akanipa kifurushi cha jirani nimshikie. Usiku niliyatia mahamri kwenye friza.

Mtu ataniuliza kwa nini sikupiga simu. Utampigia nani umwambie njoo unitoe eda? Ni kama kujialika kwenye arusi. Basi nikabaki hivyo hivyo. Nguo zile zile nyeusi, kucha bila rangi, chupa ya marashi juu ya kabati sijaigusa. Kwa hesabu nilikuwa nimetoka. Lakini sikuwa nimetolewa, na tofauti ya mambo hayo mawili ilikuwa nyumba nzima ninayoishi.

Kwenye soko nilikwenda kwa sababu mama wa Kizungu anayeliongoza alinipigia mara tatu, na kumkatalia kulihitaji maneno mengi kuliko kukubali. Binti yangu alikuja alfajiri kunisaidia, kavuka London yote kwa treni na basi. Alinitazama mlangoni toka kichwani hadi miguuni.

"Mama, bado mavazi hayo?" aliniuliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ni shughuli.

"Yana nini?"

"Eda si ilikwisha? Mimi nilihesabu kwenye simu."

"Basi iambie simu yako inivue," nikasema, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu mpaka ziwani.

Hina haipendi Desemba. Uji wake huganda ndani ya koni, na mkono wa mteja ukiwa baridi rangi haishiki, inatoka ya chungwa hafifu kama mtu aliyeshika karoti. Kwa hiyo mimi hubeba chupa mbili za mpira za maji ya moto, moja ya kulazia koni, moja ya kumkalisha mteja akiikumbatia kabla sijamgusa. Maji naomba meza ya jirani. Jirani yangu kila mwaka ni nesi mmoja Mkenya wa bara, mlokole, anauza viondo na chai ya maziwa kutoka kwenye birika kubwa la umeme ambalo kelele zake humshinda kasisi anayefungua soko kwa sala. Alinikumbatia, akanisugua mgongo.

"Aki pole, mum. Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Hujavaa hata gloves. Si utafreeze?"

"Sisikii baridi," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Alinitazama kwa jicho la kazini kwake, kisha akajaza chupa zangu.

Wateja walikuja. Mimi watu siwatazami nyuso, natazama viganja, na mwaka ule viganja vyote vilikuwa sawa. Walitaka theluji, walitaka msonobari wenye nyota, mmoja alitaka jina la mbwa wake. Mkono wangu ulichora vizuri. Mkono unajua kazi yake hata mwenyewe asipokuwapo. Bibi mmoja aliniambia kwamba maua niliyomchora ni ya furaha sana, nikasema asante. Kwaya ikaimba, nikafikiri kwamba yule wa mwisho kushoto anahitaji kupimwa koo. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani yangu, sikuwa na zaidi.

Baada ya adhuhuri wakaja wanawake wawili, pamoja, kila mmoja na mfuko wa manunuzi. Mmoja ni mtu wa Mombasa kama mimi, mkubwa kwangu, ambaye hapa London kila mtu wa kwetu humwita dada hata kama ni rika la mama yake. Wa pili ni mtu wa Unguja, mji wa marehemu, na kwa sababu hiyo huniita wifi ingawa damu hawakuchangia. Siku za msiba wote wawili walinipikia. Tangu hapo niliwaona kwa simu tu, kazi zao ni za kulea wazee majumbani, zamu juu ya zamu.

Yule wa Unguja alikaa kwenye kiti cha mteja, akanikabidhi mkono wake, akanitazama vizuri. Nyusi zikapanda.

"Wifi, mbona bado mweusi hivo? Wenzio wa Mombasa walivokutoa hawakukuvisha hata kanga nzuri?"

Nikamwuliza, "Wenzangu gani?"

"Si hawa kina dada hapa. Wao ndo kwenu. Mie nikasema nisijipeleke mbele, mwana wa watu ana kwao."

Dada aligeuka na mfuko wake. "Ati nini? Sisi? Mwanamke aliolewa na mtu wa Unguja, kafiwa ndani ya nyumba ya mtu wa Unguja. Wa kumtoa ni upande wa mume! Mimi siku ile nilishavaa, nikasema nisiende kuwaharibia watu shughuli yao."

"Shughuli yetu ipi, dada?"

"Mwaniuliza mimi?"

Wakanigeukia wote wawili. Ilibidi nijibu. Nikasema hakuja mtu, na kwamba mahamri yapo kwenye friza wakitaka.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nilikuwa nao wawili tu, na kila mmoja alikaa kwake akijua mwenzake ameshika usukani. Pale pale kati ya meza ya mishumaa na meza ya jamu wakaanza kulaumiana, Kimvita upande huu, Kiunguja upande ule, sauti zikipanda, hadi baba mmoja akamwondoa mtoto wake. Nesi akaja mbio na kikombe mkononi akidhani mtu ameanguka. Binti yangu akamweleza kwa Kiingereza, tena akaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alisema mama yake amekaa ndani ya msiba kwa sababu watu wawili wenye adabu walipishana mlangoni.

Sikujua kwamba anajua.

"Sasa hii si kitu ya kufix tu?" akauliza nesi. "Mnahitaji nini?"

"Maji ya moto," akasema dada, "na mahali pa stara."

"Maji niko nayo. Nyinyi watu wa coast mnapenda kuteseka kimyakimya." Akaenda kumwomba yule mama wa Kizungu ufunguo wa ukumbi.

Nikasema haina haja, wateja wanangoja. Hakuna aliyenisikiliza. Dada aliniambia ninyamaze, nimeshanyamaza vya kutosha tangu ile Jumapili, ninyamaze kidogo tena. Binti yangu akageuza kiti cha mteja juu ya meza.

Hivyo nilitolewa eda katika choo cha walemavu cha ukumbi wa ziwani, kwa kuwa ndicho chenye nafasi na mlango unaofungika. Maji ya birika la chai yalichanganywa na ya bomba ndani ya ndoo ya msafishaji iliyosuguliwa kwanza na nesi mwenyewe. Dada alitoa kisomo, yule wa Unguja akaitikia, nesi akasimama nje ya mlango akilinda, akisema amina kwa sauti ya kilokole pale alipodhani panafaa. Wakanivua mtandio, wakaniosha kichwa, mikono, miguu. Kucha nilikatwa kwa mkasi wa kukatia karatasi za taa za watoto. Udi ulikuwapo, mtu wa Unguja hatembei bila udi mkobani, lakini kengele ya moto ilikuwa juu ya vichwa vyetu, ikabidi wanipake mafuta yake tu nyuma ya masikio.

Niliona yote. Niliona vigae vyeupe, kamba nyekundu ya kuitia msaada, uso wa yule wa Unguja ukilia. Nikangoja. Nilijiambia, haya, sasa itatoka. Haikutoka. Nilikuwa mwanamke mwenye nywele mbichi ndani ya choo, na nilimhurumia dada kwa kuwa alikuwa amepiga magoti na magoti yake ni mabovu.

Nguo mpya hatukuwa nayo. Binti alitumwa sokoni alete chochote kipya, chenye rangi, cha heshima. Akarudi na sweta nyekundu ya kufumwa kwa mkono yenye kulungu kifuani, kulungu mwenye pua ya duara inayoning'inia. Ndiyo pekee iliyonitosha, alisema. Wakaitazama. Dada akasema sitara ni sitara, na mnyama mwenyewe ni halali. Yule wa Unguja akacheka huku anajipangusa machozi, na mimi nilijua kwamba ni jambo la kuchekesha, kama mtu anavyojua kwamba jibu la hesabu ni sahihi.

"Haya, vua hiyo," akasema dada.

Nikavua gauni jeusi. Chini yake nilikuwa nimevaa fulana ya marehemu. Ni zile fulana nene za mikono mirefu wanazovaa mafundi chini ya ovaroli, ya kijivu, imelegea shingo. Niliikuta kwenye kapu la nguo chafu siku ya tatu ya msiba, nikaivaa, na sikuwa nimeivua ila kuifua. Niliifua kila Ijumaa usiku na kuianika juu ya rediyeta, lile bomba la ukutani la kupasha nyumba joto, asubuhi naivaa. Harufu yake yeye ilikwisha mapema, mwezi wa pili wa eda hivi. Niliendelea kuivaa. Hakuna aliyejua, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kujua.

Binti yangu akasema "Baba," basi.

"Hii si ya eda," nikasema. "Hii ni yake."

"Wifi," yule wa Unguja akasema polepole. "Ndo yenyewe hiyo."

Dada alishika upindo wa fulana kwa vidole viwili akangoja, hakuvuta. Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Nakumbuka nesi akiuliza nje kama kuna mtu amezimia. Kisha nikainua mikono juu kama mtoto anayevuliwa, na wakaivua.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Mama, nipe mimi," akasema, na alisema kwa Kiswahili. "Nitaiweka."

Nilitaka kumpa. Mungu anajua nilitaka. Lakini angekaa nayo Hounslow, na mimi ningejua droo ipi, na kila Jumapili ningepanda treni kwenda kumtembelea fulana.

"Nguo za eda ni sadaka," nikamwambia. "Na anayetoa ni mimi."

Karibu na lango la soko kulikuwa na meza isiyo ya kuuza. Watu huacha makoti, kofia na soksi, na mwenye shida huchukua bila kuulizwa jina. Nilitoka ukumbini nimevaa kulungu wangu, kanga ya dada kiunoni, nywele mbichi chini ya mtandio wa binti, wale watatu nyuma yangu na nesi na kikombe chake. Giza lilikuwa linaingia, watoto wamejipanga na taa zao. Nilikunja fulana vizuri, mikono nyuma, shingo juu, nikaiweka kati ya skafu mbili. Gauni nikaliweka kando yake. Nikageuka niondoke.

Nilikuwa sijapiga hatua nilipomwona mwanamume mmoja, wa makamo, ndevu za siku nyingi, akiishika. Aliipima unene kwa kidole gumba, kama fundi anavyopima kitu. Akaipeleka puani, akainusa kama ni safi. Ilikuwa safi. Nilikuwa nimeifua mwenyewe. Akafungua koti lake pale pale kwenye baridi, akavua sweta, akaivaa fulana ile juu ya shati lake. Mabega yakaenea. Akavuta mikono mpaka kwenye vifundo, akaonekana ameridhika, akafunga koti na kwenda zake kupitia langoni, upande wa kituo cha basi.

Nikamfuata. Sikukusudia, miguu ilikwenda. Nikafika langoni nikamwita mume wangu kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote na watoto na taa zao, na yule mwanamume hakugeuka kwa sababu halikuwa jina lake.

Ndipo nikalia. Nililia nimeshika mlingoti wa lango, binti yangu amenikamata kiuno, nikimwambia amekwenda, baba yako amekwenda, na yeye akinijibu ndiyo mama, ndiyo, amekwenda.